Mkono Uliompiga Askofu Kofi Bado Unakanda Unga

Kwa idhini ya Padri Valère, msimamizi wa nidhamu katika shule yetu ya bweni, na kwa uzito wote unaostahili siku kubwa, gazeti hili linawatangazia waamini wa Butembo, wa Beni, wa Lubero, na wa kila mahali ambako barabara inafika au imeahidi kufika, kwamba limempata mtu pekee aliye hai aliyempiga askofu kofi kanisani, mbele ya madhabahu, mitra, ile kofia ndefu ya kiaskofu, ikiwa kichwani.

Mtu huyo anauza mikate.

Saa kumi na mbili asubuhi, nyuma ya soko moja la Butembo, Mama Kyakimwa anainama mbele ya tanuri la matofali na kuchungulia ndani kama anayemtafuta kuku aliyejificha. Kuni za mikaratusi zimekwisha kuwa makaa. Anachukua koleo la mbao, refu kuliko yeye, anavuta mikate nje, anaigonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mmoja unarudishwa ndani.

“Huyu angali analala,” anasema.

Mama Kyakimwa ana miaka arobaini na saba, ni mjane, na ana watoto watatu. Zamani alikanda magunia mawili ya unga kwa siku. Tangu barabara ya Kasindi, inayoleta unga kutoka mpakani, ianze kufungwa na kufunguliwa kama dirisha, bei ya unga imepanda na yeye anakanda gunia moja. Siku nzuri humbakizia dola nne.

“Inatosha chumvi na masomo ya mutoto moja,” anasema kwa Kiswahili cha hapa, ambacho ‘lakini’ yake ni ‘mais’ na ‘kwa hiyo’ yake ni ‘donc’. “Mais niko nao batatu. Donc kila siku kuna wawili wenye kunitazama vibaya.”

Mwezi ujao, Askofu Jean-de-Dieu, askofu msaidizi mstaafu, anatimiza miaka sitini ya upadri. Ana miaka themanini na minane. Magazeti mengine yamekwisha gawana shule alizofungua, zahanati alizojenga na hotuba alizotoa mbele ya wakubwa. Hili letu lilichelewa kwenye mkutano. Lilibakiziwa kofi.

Kofi lenyewe lilipigwa Kasugho, mwaka 1990.

Siku zile Baba Askofu alikuwa akienda Kasugho kwa gari mpaka pale gari lilipokataa, kisha kwa miguu. Alilala mahali mvua ilipomkuta. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapa watoto Kipaimara. Alimpaka mtoto mafuta ya krisma kwenye paji la uso, halafu akamgusa shavuni kwa kofi jepesi, kama ilivyokuwa desturi ya zamani, ishara kwamba Mkristo awe tayari kupigwa kwa ajili ya imani yake. Makanisa mengi yalikuwa yameiacha desturi hiyo. Yeye hakuiacha.

Watoto walikuwa wakielezwa jambo hilo mapema, katika somo la mwisho.

“Katekista alitufundisha yote,” anasema Mama Kyakimwa. “Mais ile siku ya kufundisha kofi, miye hapana kufika. Baba alinituma shambani kufukuza nyani katika mahindi.”

Kwa hiyo Jumapili ile msichana wa miaka kumi na miwili alipiga magoti akiwa anajua mambo mengi kuhusu nyani na hajui chochote kuhusu kofi.

“Kwetu tulikuwa wasichana wawili na ndugu batano,” anaeleza. “Mutu akikupiga bila kosa, unamurudishia palepale. Kama hapana, kesho anarudi. Donc mukono ulienda wenyewe. Miye sikuutuma.”

Mitra iliinama upande. Katekista alishika kichwa kwa mikono miwili. Mama wa Kipaimara, aliyekuwa ameweka mkono begani kwa msichana kama inavyotakiwa, aliuondoa na kutazama ukuta kama abiria asiyemjua jirani yake.

Askofu alinyoosha mitra yake.

“Huyu,” alisema, “Roho Mutakatifu amemufikia mbele yangu. Miye nimechelewa.”

Kisha akaenda kwa mtoto wa pili, ambaye, kwa ushuhuda wa Mama Kyakimwa, alipewa kofi kutoka mbali.

Kwao, kumvunjia heshima mkubwa ni jambo lisiloisha kwa maneno. Jioni baba wa msichana alipeleka mbuzi kwenye nyumba ya mapadri, kichwa chini, baba na mbuzi wote wawili. Askofu alimpokea mbuzi, akatembea naye kwa miguu yeye mwenyewe hadi nyumbani kwa mkosaji, akaomba apikwe pale. Akaketi, akamwita msichana, wakala sahani moja.

“Alisema, ‘Tumekula. Imeisha,’” anakumbuka. “Mais yeye mwenyewe hapana kuimaliza.”

Maana tangu siku hiyo, kila alipomwona Kyakimwa popote, Baba Askofu aliinamisha shavu na kungoja. Si kwake tu. Wazazi wa mwandishi wa makala hii, waliopewa Kipaimara na mikono hiyohiyo miaka mingi baadaye, wanasema kwamba baada ya kumgusa mtoto shavuni askofu alikuwa akikaa kidogo, kichwa kimelala upande, kama anayengoja jibu. Jibu lisipokuja, alicheka peke yake na kuendelea. Wao walidhani ni sala ya Kilatini.

Kyakimwa alipoolewa na kuhamia Butembo, alijifunza kuoka kwa shangazi yake. Askofu akawa mteja. Alipanga mstari nyuma ya madereva wa pikipiki, na zamu yake ilipofika, shavu likainama. Kyakimwa aliweka hapo mkono wake wenye unga, taratibu.

“Alikuwa anaenda nayo mukutanoni,” anasema. “Vidole vitano, byeupe kabisa. Mapadri wote wanaona, hakuna mwenye kusema, ‘Monseigneur, jifute.’”

Hapa mwandishi alicheka. Mama Kyakimwa hakucheka. Alikuwa amefika kwenye sehemu ambayo huwa haisimulii.

Mume wake alisafirisha kakao kutoka Kamango. Mwaka 2016 aliuawa njiani, upande wa Beni, pamoja na abiria wake. Miaka ile Baba Askofu alikuwa akishinda Beni, akizika waliouawa. Alizika asubuhi na alizika mchana. Hakusindikizwa na askari, kwa kuwa, alisema, askari walikuwa na kazi nyingine.

Alifika kwenye msiba wa Kyakimwa, hukohuko Beni, na kuketi kwenye mkeka kati ya wanawake. Hakuhubiri. Kyakimwa alikuwa hajalia tangu habari ifike, na watu walianza kumwogopa.

“Alinisogelea, akainamisha shavu,” anasema. “Akaniambia, ‘Piga.’ Ile siku hakukuwa unga mukononi. Nilipiga kweli, mutoto wangu. Nilipiga kama mutu mwenye kupigana. Halafu nikalia mpaka jioni. Yeye alibaki pale, shavu inamuvimba.”

Anakung'uta mikono, anafunika unga kwa kitambaa.

“Batu bote wanajua kofi ya Kasugho. Ile ya Beni waliiona wanawake wa mukeka, mais maana yake tunaijua wawili tu.”

Ndiyo maana ana hofu. Baba Askofu anapoteza kumbukumbu. Anaishi katika nyumba ya mapadri wazee, chini ya uangalizi wa Sista Bénite, muuguzi, ambaye amepunguza wageni kwa sababu kila mmoja anaingia na swali lilelile, “Monseigneur, unanikumbuka?”, na mzee anabaki akiona aibu siku nzima. Kwa zaidi ya mwaka Mama Kyakimwa amekuwa akipeleka mkate getini kila juma, anakabidhi na kurudi.

Mwandishi alimwuliza kwa nini haombi kuingia.

“Na kama amenisahau? Leo ningali najua kwamba tuko wawili. Nikiingia, akaniambia, ‘Bonjour, mama, wewe ni nani?’, nitarudi nikiwa moja. Acha nibaki huku mulangoni.”

Makala ingeishia hapo, na ingekuwa fupi mno. Lakini juma lililopita Mama Kyakimwa alifikiwa na habari njema kwamba Baba Askofu amemwulizia, tena kwa jina. Habari hiyo ililetwa na chanzo cha kuaminika ambacho, kwa kufuata maadili ya kazi, gazeti hili halitakitaja.

Alisimama na unga mikononi.

“Amesema ‘Kyakimwa’?”

Chanzo kilithibitisha.

Jumapili mchana alifunga meza yake, jambo ambalo halijatokea tangu msiba. Alivaa kitenge kipya, akafunga mikate miwili katika kitambaa, akapanda kilima kwa haraka kiasi kwamba mwandishi, kijana mwenye afya njema, alibaki nyuma. Getini Mama Kyakimwa aliwaambia walinzi kwamba ameitwa.

Baba Askofu yuko barazani, amefunikwa blanketi, kofia ya sufu kichwani. Anamtazama mgeni na kutabasamu vizuri sana, kama anavyomtabasamia kila mtu.

“Bonjour, mama. Umetoka wapi?”

“Kasugho, Baba.”

“Aa, Kasugho. Ni mbali. Njia iko namna gani?”

“Iko matope, Baba.”

“Matope,” anakubali. Anapokea mkate, anaumega, anampa kila mtu kipande, kwanza Sista, halafu wageni. Anatafuna. Kisha anamgeukia tena. “Na wewe, mama, umetoka wapi?”

“Kasugho, Baba.”

“Ni mbali. Njia iko namna gani?”

Mama Kyakimwa anajibu tena kwa sauti ileile ya upole. Kipande chake cha mkate hajakila. Amekishika kwa mikono miwili magotini.

“Mama, nani alikuambia uje?” anauliza Sista Bénite, bila ukali.

“Nilisikia kwamba ameniuliza kwa jina.”

Sista anatikisa kichwa. “Tangu Pasaka hapana kuuliza mutu kwa jina. Hata jina yangu, na ni miye ninamunyoa ndevu.”

Mama Kyakimwa anageuza kichwa polepole na kukitazama chanzo cha kuaminika, ambacho kwa bahati kilikuwa kimesimama palepale barazani, ndani ya viatu vya mwandishi. Chanzo kinatazama viatu hivyo.

“Sema tena,” anasema. “Sema mbele yake, vile uliniambia miye.”

Chanzo kinainama kufunga kamba ambazo hazijafunguka.

“Piga magoti basi. Ulinidanganya, umuombe yeye samahani. Ulitumia kinywa chake.”

Chanzo kinapiga magoti kwenye saruji. Na hapo Baba Askofu, akimwona kijana aliyepiga magoti mbele yake, kichwa chini, anaweka mkate pembeni na kukaa sawa. Hakuna aliyemwomba. Uso wake unabadilika, unakuwa wa mtu aliye kazini.

“Huyu ametayarishwa?” anauliza.

“Hapana kabisa, Baba,” anasema Mama Kyakimwa.

Kidole gumba kikavu kinachora msalaba kwenye paji la uso. Halafu kofi linakuja. Vitabu vinasema ni jepesi. Gazeti hili lina ushahidi tofauti.

“Amani ikuwe nawe,” anasema askofu.

Kisha haondoi uso. Kichwa kinalala upande, shavu limeinama, naye anangoja.

Chanzo hakithubutu. Sista Bénite anataka kumrudisha kitini, akidhani anaanguka. “Muache, ma sœur,” anasema Mama Kyakimwa. Anaweka mkate wake chini, anapita nyuma ya aliyepiga magoti, ananyoosha mkono. Ameunawa asubuhi kwa ajili ya ziara, lakini mikate ya mwisho, iliyonyunyiziwa unga, aliifunga baadaye. Anauweka shavuni, kiganja kizima, na kuuacha hapo.

Mzee anafumba macho. Anacheka, kicheko kidogo cha kifuani.

“Huyu,” anasema, “alinifikia mbele.”

Jina halikutoka. Alipofumbua macho aliuliza tena habari za njia ya Kasugho, akaambiwa ni matope. Shavuni alikuwa na vidole vitano vyeupe, na Sista Bénite, aliyekuwa na kitambaa mfukoni, hakukitoa.

Waliteremka kilima, na kwenye daraja Mama Kyakimwa alisimama.

“Jina ni kitu ya kichwa,” alisema. “Kichwa yake imechoka. Ile ingine, ya shavu, iko bado.”

Mpango wake ni huu. Kila Jumapili atafunga meza mchana na kupanda na mkate, na Sista amekubali, kwa sharti kwamba hakuna atakayemwuliza mzee kama anakumbuka. Siku ya jubilei anataka kuoka mkate wa meza kuu, na anatafuta atakayemkopesha nusu gunia la unga. Anatumaini kufika siku hiyo akiwa na mkono uleule, na mzee akiwa na shavu lilelile.

Kwa gazeti hili aliweka sharti moja, ambalo alilitamka akiwa ameshika koleo.

“Andika yote. Na ile chanzo yako, iandike jina.”

Mwandishi alimweleza habari za maadili ya kazi. Mama Kyakimwa alisema maadili hayo yaletwe pale tanurini ayagonge, asikie kama yameiva.

Basi. Hakuna chanzo. Ni mimi, Jordy, wa mwaka wa tano. Nilitaka makala yenye mwisho mzuri, nikamchukulia mama mwenye hofu neno ambalo nilijua halijasemwa. Ilikuwa bahati tu, si akili yangu, kwamba hakurudi akiwa mmoja. Jumamosi zote hadi jubilei napasua kuni zake. Padri Valère anasoma habari hii ya uongo wangu hapa kwa mara ya kwanza, na namwomba akumbuke kwamba shavu la kushoto limekwisha shughulikiwa.