Shina Ndani ya Glasi

Kila mvua ikianza, kundi la wakulima wa waru, yaani viazi, kwenye Facebook lilijaa swali lile lile: "Zinanyauka na udongo uko na maji, nipige dawa gani?" Kila mtu akataja dawa yake. Karwirwa wa Kibirichia, mwalimu mstaafu aliyewauzia majirani mbegu, alijibu hadi vidole vikamuuma. Watu hawasomi ya jana, jameni. Basi akaamua kuandika jibu moja kamili, lenye picha, kila atakayeuliza aelekezwe hapo.

Kipimo alikijua tangu semina ya kilimo. Unakata shina karibu na udongo, unalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, unangoja dakika chache. Likiwa na mnyauko wa bakteria litatoa uzi mweupe kama maziwa, na ugonjwa huo hauna dawa. Alitaka picha mbili, ya shina gonjwa na ya shina lenye afya. Hilo gonjwa alinyimwa. Nani anataka shamba lake lianikwe? Lenye afya akakata kwake, palipostawi kuliko pote.

Uzi ukateremka. Mwembamba, mweupe, polepole, bila kukatika. Karwirwa alisahau hata simu mkononi. Kitu kizuri hivyo, na ndicho kilichokuwa kinammaliza. Miaka yote aliuza waru kubwa akabakisha ndogo za mbegu, kama kila mtu pale, bila kujiuliza kwa nini mimea mingine huzaa ndogo, kumbe huenda ni migonjwa. Akisema ukweli, nani atanunua mbegu kwake tena? Akinyamaza, jibu litakuwa uongo wenye jina lake.

Akaandika: "Hili ni shamba langu. Mlionunua mbegu kwangu, pimeni."

Kufikia Jumapili picha zilikuwa zimemiminika kutoka Timau, Embu, hata Nyandarua. Glasi za chai, chupa za soda, na ndani yake uzi ule ule. Mgeni akiuliza, watu wasiomjua Karwirwa walimtumia jibu lake. Karwirwa alizitazama picha moja moja, mwili ukimsisimka.

Jumatatu shemeji yake Kithaka, aliyepanda mbegu ya Karwirwa shamba zima, akaingia uani na shina mkononi. "Kwangu kuna vikombe vya bati tu," akasema.

Karwirwa akaleta glasi. Wakainama pamoja. Uzi ukateremka.

"Ni mbegu yangu," Karwirwa akasema.

"Nimesoma." Kithaka hakuondoa macho kwenye maji. "Sasa piga picha, shemeji. Uiweke chini ya yako, na jina langu."