Friji la Ukutani

Mke wangu alikuwa akitunza dawa yake ya sukari, ile ya kuchoma sindano, ndani ya chungu. Chungu kilikaa pembeni mwa chumba chetu, kimezungushiwa mchanga ambao aliumwagia maji asubuhi na jioni. Nesi wa kliniki ndiye aliyemfundisha, wakati umeme ulikuwa haujafika kwetu Kinampanda. Umeme ulipofika, mimi niliyefanya kazi ya nyaya maisha yangu yote niliona chungu kile kinaniaibisha.

Mwaka huo nilikwenda Manyoni kumzika rafiki wa kazi. Nikapita kwenye nyumba ya wakubwa wa mradi mmoja wa zamani, ambayo tukiwa vijana tuliiwekea umeme. Walikuwa wanaibomoa. Ndani ya ukuta wa jiko lilikuwamo bado friji nililolikumbuka: milango miwili mirefu iliyovikwa mbao za mninga ili lionekane kama kabati, mashine yake juu badala ya nyuma, bawaba nene za shaba. Halikuwa friji la kuegesha popote. Nyumba ilijengwa kulizunguka. Wauza vyuma chakavu walikuwa wameshang'oa mlango mmoja, na nyundo ilikuwa juu ya wa pili. Nilipiga kelele kana kwamba wanampiga mtu.

Nililinunua palepale pamoja na mlango uliong'olewa, nikalileta nyumbani kwa fuso lililokuwa limetoka kushusha vitunguu. Nilipiga msasa mbao zile mpaka zikarudisha wekundu wake. Mpira wa mlango niliukata mwenyewe. Fundi wa Singida mjini alinijazia gesi. Kilichonishinda ni themostati, kile kidude kinachoamua mashine iwake lini na izime lini. Cha asili kilikuwa kimekufa, na cha kufanana nacho sikukipata. Nikafunga kilichotoka kwenye friza bovu la muuza nyama. Nilijua kimetengenezwa kwa ajili ya kugandisha. Nilijiambia kwamba nikikirudisha mpaka mwisho, kwenye baridi ndogo kabisa, kitanitii.

Nikatoboa ukuta kati ya sebule na jiko, nikalipachika. Jirani yetu, mwanamke mjane mwenye mdomo mwepesi, alikuja kunywa maji ya baridi akalizunguka kwa macho.

"Shemeji, kumbe umeoa mke wa pili!"

"Tena wa chuma," mke wangu akajibu kutoka jikoni. "Huyo anakula umeme, mimi nakula ugali."

Tulicheka wote. Kisha nikaenda chumbani kuchukua dawa.

"Iache," mke wangu akasema. "Chungu hakijanikosea."

"Mama, nesi mwenyewe anaweka dawa kwenye friji."

"La nesi siyo lako."

Nikaiweka humo hata hivyo, rafu ya nyuma kabisa, mahali pa heshima.

Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta maziwa yamekuwa jiwe. Vichupa vya dawa vilikuwa na barafu ndani. Nilivikumbatia viganjani, nikavipumulia mpaka vikayeyuka. Dawa ile kwa kawaida ni nyeupe kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo. Sasa kulikuwa na chembe zimenata kwenye kioo. Nikatikisa. Zikapungua, hazikuisha. Maneno ya nesi niliyakumbuka vizuri, kwa sababu tuliambiwa pamoja, tumekaa benchi moja: ikiganda, itupwe.

"Mzee, niletee dawa, uji unapoa!"

Nikampelekea. Nilisimama nikaangalia sindano ikiingia tumboni mwake. Akanishukuru.

Tangu hapo nilianza kuishi kama mtu anayesikiliza mlango. Alipoomba maji, niliogopa. Alipoomba tena, nilijua ni sukari inapanda. Nilisikiliza kandambili zake zikienda chooni na kurudi, na kabla hazijapoa zinakwenda tena. Nilikuwa nimekirudisha kile kidude mpaka mwisho, na kila asubuhi niliweka kikombe cha maji ndani kukipima. Siku nyingine yalikuwa maji, siku nyingine yana utando wa barafu. Nilijiambia siku ya kliniki imekaribia, atapewa vichupa vipya, na jambo hili litapita bila mtu kujua. Ningeweza kusema wakati wowote. Tulikula sahani moja.

Mchana mmoja alikuwa anapepeta mtama uani. Akauweka ungo chini taratibu, akatapika. Nilipomwinua, pumzi yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyekimbia, na ilinuka kama tunda lililopitiliza kuiva.

Jirani alikuja mbio. "Hiyo malaria, shemeji. Tumpeleke zahanati akapimwe."

"Siyo malaria," nikasema. "Tafuta bajaji. Tunakwenda Kiomboi, hospitali."

Akaniangalia kwa jinsi nilivyosema bila kusita. Njia nzima kichwa cha mke wangu kilikuwa kwenye bega langu, na kila bajaji iliporuka nilikiinamia kusikia kama bado anapumua.

Daktari alikuwa kijana wa umri wa mtoto wetu wa mwisho. Alitazama kipimo, akamwinamia.

"Shikamoo mama. Dawa unachoma?"

"Marahaba. Nachoma, baba. Sijaruka hata siku moja."

"Mama yangu, sukari haifiki hapa kwa mtu anayechoma. Tuambie ukweli tukusaidie."

"Nachoma," akasema tena, na sauti ikamkatika. Kisha akageuza macho kwangu ili nimshuhudie.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa macho yale. Niliona kwamba anaweza kufa pale kitandani akiwa ameitwa mwongo.

"Anachoma," nikasema. "Dawa ndiyo iliganda. Niliiona, nikaiyeyusha, nikampa."

Daktari aliagiza dripu na dawa nyingine, akanionyesha mlango.

Alipona. Siku alipoweza kukaa, aliniuliza jambo moja tu: "Ulipokuwa unaniletea, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

Akajilaza, akageukia ukutani.

Themostati ya kufaa niliipata baadaye, na friji linafanya kazi vizuri kuliko lilipokuwa kwa wakubwa. Watu wanakuja kulitazama. Mke wangu hanywi maji yake. Dawa anaitunza kwa jirani. Kwa namna gani, hajaniambia, nami sijauliza. Asubuhi anarudi nayo mkononi na kuniomba nitoke nje kidogo. Natoka. Nasimama karibu na dirisha mpaka nisikie akisogeza kiti.