Udongo Chini ya Askari wa Risasi

Karakana yetu ilikuwa Ipogolo, chini ya mlima wenye mji wa Iringa, chumba kimoja cha matofali mabichi kilichotazama barabara kuu. Tulikuwa wawili: mimi, na kaka yangu mkubwa aliyerudi kutoka vita vya Burma. Tulitengeneza viti, vitanda na majeneza. Lakini katika miaka ya hamsini tulipata pia kazi ambayo watu walisimama dirishani kuitazama.

Mkulima mmoja wa tumbaku, Mzungu aliyekuwa afisa vitani, alikuwa na askari wadogo wa madini ya risasi, kila mmoja mrefu kama kidole. Jumamosi yeye na rafiki zake walizunguka meza kubwa barazani kwake, wakarusha dadu, wakapima kwa futi kila kikosi kimesogea kiasi gani, na kupigana upya vita vilivyokwisha. Askari wenyewe walipakwa rangi vizuri mpaka vifungo vya makoti, ila walisimama juu ya vipande vitupu vya mbao. Hilo lilimkera. Alitaka chini ya miguu yao kuwe na nchi.

Nchi hiyo tuliitengeneza sisi. Tulikata vibao vidogo kutoka mabaki ya mbao, tukavichonga kingo ili visionekane kama sahani. Juu yake tulipaka gundi ya ngozi iliyochemshwa kwenye kopo, tukanyunyiza mchanga wa mto uliochekechwa kwa kitambaa. Changarawe ikawa majabali. Nyuzi za katani zilizokatwa fupi na kuchovywa rangi zikawa nyasi, na unga wa msumeno uliolowekwa kwenye chai ukawa majani yaliyooza. Maji yalikuwa vanishi, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiri la chini yake likauke.

Mama mmoja aliyepita kila siku na kibuyu chake cha ulanzi, pombe ya mianzi, hakukubali kwamba hiyo ilikuwa kazi.

"Wanaume wazima na mandevu yenu, mnacheza matope!" alisema. "Mkimaliza mje mnifinyangie chungu."

"Chungu chako hakiwezi kupanda meza ya Mzungu, shangazi," nilimjibu.

"Kisipande. Kikae jikoni kipike. Hao watu wenu wanapika nini?"

Kaka alicheka, na nilifurahi kumsikia, maana hakuwa mtu wa kucheka. Tangu arudi hakuwahi kusimulia vita nyumbani. Kwenye karakana alizungumzia ardhi tu. Nikipaka tope rangi nyekundu kama la kwetu, alilifuta kwa kidole gumba.

"Kule si hivi."

"Kukoje?"

"Kama chai iliyoingia majivu. Na halikauki. Ukikanyaga asubuhi, jioni alama bado ina maji."

Basi nikachanganya majivu. Nikajifunza hivyo, kidogo kidogo, nchi ambayo sikuwahi kuiona: matope yake, mianzi yake, jinsi ukingo wa mto unavyomomonyoka mvua isipokatika. Watu waliokuwa katika nchi hiyo hakuwataja hata mara moja.

Hapa lazima niseme kuhusu ndugu yetu wa katikati. Yeye na kaka waliondoka pamoja kutoka kwetu Mbeya wakiwa na sare mpya, akarudi mmoja. Serikali ilisema yule mwingine amepotea. Kaka alimwambia mama kwamba walikuwa wametenganishwa vikosi, hajui lolote. Kwetu mtu akifia mbali, msiba hauwekwi mpaka kije kitu: mwili wake, au udongo wa mahali alipolazwa. Udongo huo huzikwa nyumbani kwa ibada na kilio kama mtu kamili. Usipokuja, hakuna kulia. Majirani walipompa mama pole, aliwajibu kwa upole kwamba pole hiyo ni ya nini, yeye hajaletewa kitu. Hivyo ndivyo alivyoishi, mlimani juu ya Mwanjelwa, akilima viazi, mama wa mtoto aliyekuwa bado njiani.

Mwaka ule mvua zilipoanza, yule Mzungu aliagiza vibao vya Burma. Kaka alivifanya mwenyewe, na kimoja alikifanya kwa muda mrefu kuliko vyote. Kilikuwa kikubwa kidogo kuliko kiganja. Kilikuwa na ukingo wa mto, mianzi mitatu iliyochongwa kutoka vijiti vya mianzi yetu ya ulanzi, mmoja umevunjika na kulala, na jiwe jeupe. Kati ya jiwe na mianzi palikuwa na mwinuko mdogo wa udongo. Nilimwuliza askari atasimama wapi, maana pale palipotakiwa kuwa wazi ndipo palipoinuka.

"Hiki hakina askari," alisema.

Alikiweka peke yake kwenye rafu ya juu, mbali na vingine. Nilidhani amekipenda, kama fundi anavyopenda kitu kilichomtoka vizuri.

Siku chache baadaye Mzungu alikuja na gari, bila taarifa. Alikuwa ameuza shamba na anarudi kwao Uingereza. Akavipanga vibao vyake kwenye sanduku, kila kimoja akikigeuza kwenye mwanga na kusifu. Halafu akainua macho, akakiona kile cha juu.

"Na kile? Changu pia?"

Kaka alisimama. Nilimwona visigino vikikutana na mikono ikinyooka kwenye mapaja, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Ndiyo, afande," alisema.

Mzungu akakichukua. Akatoa askari wa risasi mfukoni, akamkandamiza juu ya ule mwinuko mpaka akasimama imara. Akamshika kaka mkono kwa furaha ya kweli, akalipa, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu nimemtafutia ubaya na sikuupata.

Gari lilipopotea barabarani, kaka alikaa chini kwenye maranda ya mbao.

"Kimekwenda," alisema.

"Si utatengeneza kingine?"

"Mdogo wangu, ule udongo wa katikati ni wake."

Ndipo akaniambia. Yeye na ndugu yetu hawakutenganishwa. Walikuwa pamoja mpaka mwisho, kwenye ukingo wa mto ule, na kaka ndiye aliyemfukia. Alifanya kama inavyotakiwa: alichota udongo, akautia kwenye kopo la tumbaku, akauvusha bahari, akaufikisha Mbeya. Mama alimpokea mlangoni, akatazama nyuma yake kama kuna mwingine anayekuja, akauliza, "Mwenzako yuko wapi?" Kaka, kopo likiwa mfukoni, akasema hajui. Baada ya hapo kila mwaka ulilifanya neno lile kuwa gumu zaidi kulirudisha.

"Nilitaka nisimpelekee kopo," alisema. "Nilitaka aone mahali penyewe. Aone kwamba kulikuwa na mianzi."

"Kwa nini hukumwambia Mzungu si chake?"

Alitazama mikono yake. "Nilitaka kusema hapana. Sauti yake ilikuwa sauti ya afisa. Mdomo ukajibu."

Kesho yake asubuhi tulipanda lori mpaka shambani. Tulimkuta mpishi peke yake akifagia baraza. Meza kubwa bado ilikuwapo, tupu.

"Amekwenda, jamani, tangu alfajiri," alisema. "Wale askari aliwafunga mwenyewe, mmoja mmoja, na magazeti. Mimi kugusa nilikatazwa."

Kaka aliuliza kama kuna udongo wowote uliodondoka. Mpishi alifikiri anatania, akamwonyesha ufagio. Tulipekua takataka zake pale barazani. Zilikuwa vumbi la Iringa.

Tulituma habari mbele kwa baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yetu, kwamba tunakuja na habari ya ndugu yetu, kisha tukapanda basi la Mbeya. Hapo kulitokea jambo ambalo tungepaswa kulitegemea: baba mdogo aliposikia hivyo, alielewa kwamba udongo umefika. Tulikuta shimo dogo limechimbwa kando ya kaburi la baba, mchungaji amekaa kwenye kiti, na wanawake wamejaa uani na vikapu vya unga wa msiba.

Mama alikuwa mlangoni. Alitazama mikono ya kaka, kisha mikono yangu.

Kaka alipiga magoti akasema yote, mbele ya watu, bila kujitetea. Alipomaliza, baba mdogo alikohoa.

"Shemeji," alimwambia mama, "shimo liko wazi. Tuchukue udongo huu huu wa hapa. Mungu anajua."

"Mungu anajua," mama alisema. "Na mimi je?"

Akamgeukia kaka. "Ulimfukia kwa kutumia nini?"

"Kwa mikono, mama. Na kofia."

"Kichwani ulimwekea kitu?"

"Shati langu."

"Alikuwa anaelekea wapi?"

"Upande wa mto."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea vitu na kuvihesabu moyoni. Nilidhani sasa atalia. Uani wanawake walikuwa wamekwisha kujifunga kanga viunoni, wakimsubiri aanze.

"Sasa najua," alisema. "Lakini sijaletewa. Mwanangu amepelekwa Ulaya. Siwezi kumzika hapa, na yeye yuko kwenye sanduku la mtu."

Baba mdogo alijaribu tena, na mchungaji naye akasema maneno mazuri. Mama aliwasikiliza wote wawili, akawashukuru, kisha akamwomba baba mdogo alifukie shimo kabla mbuzi hawajavunjikia miguu humo.

Kisha mwanamke mmoja akafungua kanga yake kiunoni, na wengine wakafuata. Wakajitwika vikapu vyao vya unga, kwa kuwa unga wa msiba hauachwi mahali pasipo na msiba, wakashika njia ya kuteremka Mwanjelwa. Mama aliwasindikiza mpaka kwenye miti. Nilimsikia akiwaomba radhi, mmoja mmoja, kwa usumbufu.