Leokadia na Kiti cha Chini

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa aproni, Leokadia alikuwa na kazi moja ndogo ambayo hakuna aliyemtuma. Alishika kishikio kilicho chini ya kiti chake cha kazi, chenye magurudumu madogo, akakivuta huku akikandamiza kiti kwa mkono, nacho kikashuka huku kikitoa pumzi kama mzee anayeketi. Kilipofika mwisho, naye akaketi. Magoti yakapanda kukaribia kidevu, meza ikawa usawa wa kifua, na mteja, awe nani, akawa juu yake.

Hakuliona hilo kuwa kosa. Kwao Bukoba alilelewa akijua kwamba binti hawi juu ya mtu anayemhudumia. Ukimpa mkubwa maji, unapiga magoti. Ukimshika mguu kumtoa mwiba, unakaa sakafuni. Saluni ya kucha ya Whitehall, pembeni mwa jiji la Columbus huko Marekani, haikuwa na mkeka, ila ilikuwa na kiti kinachoshuka, naye akahitimisha kwamba Wamarekani nao wana adabu, isipokuwa wameitilia springi. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Leokadia alikuwa amewangoja kwa miaka tisa, na hakuna hata mmoja aliyeshuka.

Tena huko chini kulikuwa kuzuri. Akishainama juu ya kidole cha mtu, dunia iliondoka. Feni za kunyonya vumbi zilivuma kama nyuki walio mbali, sauti za wateja zikawa kama za watu wanaoongea chumba cha pili. Ukucha uliopakwa rangi mara mbili una kina. Ukiutazama sana unaingia ndani yake kama unavyoingia kwenye dimbwi lililotulia, na mle ndani mlikuwa na taa ndogo, na dirisha dogo, na nje ya dirisha theluji ikianguka kuelekea juu. Humo alizunguka saa nzima bila haraka. Alisahau shingo. Shingo haikumsahau.

Ganzi ilianzia kidole gumba cha mkono wa kulia, ikahamia cha shahada, kisha cha kati, kama mpangaji anayeleta ndugu zake mmoja mmoja. Mwezi wa pili brashi ikamponyoka, ikachora mstari mwekundu kutoka ukucha wa bibi harusi mmoja hadi kwenye kifundo cha mkono, na bibi harusi akalia. Belinda, mwenye saluni, mwanamke wa Moshi asiyependa maneno mengi, alimfuta bibi harusi machozi, akamfuta rangi, kisha akamwambia Leokadia kwa upole kwamba ataungoja mkono huo hadi Pasaka. Usipotulia, atamhamishia mapokezi, kwenye simu.

Leokadia alikuwa na Kiingereza cha kutosha kucha, si cha kutosha simu. Na zaidi ya hapo, mapokezi hakuna ukucha wa kuingia ndani yake. Mumewe Venance, aliyeendesha lori kati ya Louisville na Buffalo na kulala nyumbani Columbus pale njia ilipomruhusu, alimsikiliza hadi mwisho, akamjulisha kwamba kiti cha lori lake kina vitufe saba, kimoja ni cha kiuno peke yake. Hakukusudia kumringia. Ndiyo pole aliyokuwa nayo.

Aliyeuona ugonjwa ni Tarcisius, mdogo wake Belinda, mwanafunzi wa mambo ya mifupa na misuli. Alipanga University District, mtaa wa wanafunzi, kwenye nyumba yenye joto la kubahatisha, kwa hiyo alipendelea kusomea saluni. Alisoma siku tatu bila kufungua ukurasa wa pili, macho yakiwa kwa Leokadia. Siku ya nne akauliza:

“Dada Leo, kwani umefiwa?”

“Nimefiwa na nani?”

“Sijui. Naona unakaa matanga.”

Wateja wawili wa Dar waliokuwa wakisubiri rangi ikauke walicheka hadi mmoja akaharibu kucha zake. Tarcisius hakucheka. Alimwelekeza apandishe kiti mpaka mapaja yalale sawa na nyayo zikanyage sakafu. Asiufuate mkono wa mteja. Auwekee taulo lililokunjwa, mkono uje kwake. Taa ndiyo isogee, si shingo. Viwiko vikae karibu na mbavu, kifundo cha mkono kisipinde, na kila mteja akiondoka asimame, atazame kitu cha mbali. Leokadia alishukuru, na kimoyomoyo akaona kijana huyu amesoma sana ila hakulelewa vizuri.

Hata hivyo alijaribu, kwa Wamarekani, ambao hawakujua kwamba wanatukanwa. Baada ya wiki mbili shingo ilinyamaza. Vidole vilianza kurudi, asubuhi moja viwili, asubuhi nyingine hakuna. Maana kila alipoingia mtu wa kwao, mkono wake wenyewe ulitafuta kishikio, na kiti kikashusha pumzi.

Wiki moja kabla ya Pasaka akaja mgeni kutoka Bukoba, mama Venance, na mwanawe alikwisha kumwahidi kwamba mkewe atampaka kucha. Aliketi kwa uzito, kanga mbili juu ya sweta, akachagua rangi nyekundu bila kuuliza bei wala ushauri. Belinda alisimama karibu, akipanga upya chupa zilizokwisha kupangwa.

Leokadia alikuwa ameshuka hadi mwisho. Alishika mkono wa mama mkwe, akachovya brashi. Kwenye ukucha wa kwanza gumba lake likazimika. Brashi ikatetemeka pembeni mwa ngozi. Akairudisha kwenye chupa.

“Mama,” alisema akitazama chini, “naomba ruhusa nikae juu.”

“Juu ya nani?”

“Usawa wako, mama. Nikikaa huku mkono unakufa.”

Feni zilivuma. Chupa za Belinda ziliacha kugongana.

“Mimi nilimpigia mama mkwe wangu magoti miaka thelathini,” mama Venance akasema. “Alipokufa, magoti hayakupata habari. Mpaka leo sinyanyuki bila kushikwa.” Akausogeza mkono wake juu ya meza. “Panda, mwanangu. Nimekuja kupakwa rangi.”

Leokadia akavuta kishikio. Alipanda polepole, kama mtu anayeelea kutoka kwenye dimbwi, akaweka taulo, akasogeza taa. Miguu ya mama huyu aliijua vizuri, na pindo za kanga zake zote. Lakini uso wake, uliokuwa juu siku zote kama dari, hakuwahi kuuona karibu hivi. Ulikuwa na kishimo kwenye shavu la kushoto, kile kile cha Venance. Nyuma yake lilikuwepo dirisha kubwa la kweli, na theluji ya mwisho ikianguka kuelekea chini kama inavyopaswa.

Ganzi haikuhama siku ile. Mpangaji wa namna hiyo huhitaji notisi. Lakini kucha kumi zilipakwa, na hakuna rangi iliyovuka mpaka. Alipokuwa kwenye ya mwisho, simu ya mapokezi ililia. Belinda akaziacha chupa zake, akaenda kuipokea mwenyewe.