Bomba la Maziwa la Normand

Shemeji yangu Normand Veilleux hajawahi kumwomba mtu radhi. Namjua tangu amwoe dada yangu Huguette, miaka arobaini na mmoja sasa, na hata siku aliyopitisha trekta juu ya uzio wangu alisema uzio ndio uliokaa vibaya.

Mwaka juzi Huguette alikwenda mji wa Rimouski siku tatu kwa binamu yetu. Aliporudi, akakuta zizi tupu. Ng'ombe thelathini na wanne, wote aliwapa majina yeye mwenyewe, Normand amewauza. Pale walipokuwa wakikamuliwa pamesimama pikipiki ya magurudumu matatu, ile ya safari ndefu, yenye kiti cha abiria kama sofa. Sawa, magoti yake yalikuwa yamekwisha, na watoto wako mjini hawataki kunuka mavi. Lakini mtu unamwambia mkeo, jamani. Yeye akasema, "Nilitaka kukupunguzia uchungu."

Tangu siku hiyo Huguette akawa anampa neno mojamoja. Chumvi. Funga. Tosha. Mwezi wa sita huu akaniambia jikoni kwangu, "Kaka, nitakwenda naye safari ya pikipiki ya rasi ya Gaspésie kwa sababu nilishaahidi. Tukirudi nahamia Rimouski. Kama ana la kusema, alisemee njiani."

Mimi siri haikai tumboni. Jioni ile ile nikamweleza Normand yote. Akatazama viatu vyake, akasema, "Nataka kubadilisha ekzosi, bomba la moshi la pikipiki."

Nikajua basi, uzee umeshaingia kichwani. Akadai ni kwa sababu yetu. Katika chama chetu cha waendesha pikipiki, magurudumu matatu hukaa mwisho wa msafara, maana yanameza njia nzima, na ya kwake ilikuwa inanong'ona tu huko nyuma. Tulikuwa tunaiita Cherehani. Tulimcheka sana, sikatai.

Kesho yake akaniletea bomba la chuma cha pua kutoka zizini, lile lililokuwa likipitisha maziwa kutoka kwa ng'ombe hadi kwenye tangi. "Tumia hili," akasema. Mimi ni fundi wa kuchomelea, sibishani na chuma kizuri. Nikakata kwa grenda lile kopo la kupunguza kelele, nikalikunja bomba la maziwa, nikalichomelea moja kwa moja toka injini mpaka nyuma. Tulipowasha, vyombo vya mke wangu vikacheza kabatini, na mbwa wa jirani akaingia chini ya gari asitoke mpaka saa kumi. Huguette akaja kuona. Akalitambua bomba lake.

"Mmelitia bomba la maziwa kwenye matako ya hiyo takataka," akasema.

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizomwambia mumewe tangu ng'ombe wauzwe. Normand alikaribia kutabasamu, mjinga yule.

Siku ya pili ya safari tukasimama kujaza mafuta. Huguette alishapanda, lakini Normand alipoingia kulipa, yeye akashuka tena kwenda kununua jibini, akaacha koti lake jekundu limefungwa mikono kwenye egemeo la kiti chake. Pikipiki ya magurudumu mawili ingekuambia abiria ameshuka. Ile ya Normand haitikisiki hata ukipakia nguruwe. Normand akatoka, akaona wekundu kwenye kioo, akawasha, akatufuata kwa mngurumo, sisi tumeshatangulia.

Ndani ya kofia zetu kuna redio. Kuna kitufe cha kuongea na msafara na kitufe cha kuongea na abiria wako, na kila kimoja kina mlio wake. Kwa lile bomba, Normand hakuweza kusikia mlio wowote wala sauti zetu, akabonyeza kile cha msafara bila kujua.

"Huguette," akatupigia kelele masikioni, "usinijibu. Nisikilize tu."

"Normand, tunakusikia sote," akasema Odilon, kiongozi wetu, mchinjaji wa kilo mia na ishirini. Wapi.

"Niliwauza ukiwa haupo kwa sababu niliogopa. Nilijua ukilia nitashindwa, na nikishindwa nitafia zizini na magoti haya. Ni uoga tu. Nimekosea. Na hili bomba si kwa ajili ya Odilon na wale washenzi wenzake. Nililiweka ili nisisikie unavyoninyamazia."

Kisha akasema, "Ahsante kwa kutonikatiza."

Odilon akawasha taa ya kulia na kusimama kando ya njia. Miwani yake ilikuwa imejaa ukungu, hakuona mbele. Tukasimama wote, Normand naye akafika akinguruma. Nikaangalia lile sofa. Koti lipo, dada yangu hayupo.

"Huguette yuko wapi?" nikamuuliza.

"Si huyu hapa," akasema, akageuka. Nilikuwepo alipomzika baba yake, na sikumwona na uso ule.

Kilomita arobaini kurudi. Nilimfuata, kama ndugu na kama mmbea. Huguette alikuwa kwenye benchi nje ya kituo cha mafuta, mfuko wa jibini umebaki nusu. Normand akazima injini.

"Nimekuacha," akasema.

"Nimeona."

"Nilikuwa naongea na wewe."

"Mimi nilikuwa na jibini."

"Dada, amesema kwamba..." nikaanza.

"Clermont, nyamaza. Ana mdomo."

Normand akavua kofia. Maneno yake yote yalishaishia barabarani. Nikaona dada yangu anakunja mfuko wake taratibu, na nikaiona Rimouski.

"Marquise," akasema Normand.

Huguette akaacha kutafuna.

"Comète. Biscotte. Duchesse, yule wa sikio lililopasuka. Nimekosea, Huguette. Violette. Praline."

"Umemruka Mirabelle," akasema Huguette. "Alizaliwa kabla ya Praline."

"Mirabelle," akasema Normand.

Huguette akasogeza mfuko wa jibini. Normand akakaa pale ulipokuwa, magoti yakilia. Mimi nikaenda kujaza mafuta, ingawa tangi langu lilikuwa limejaa. Nilipopita nyuma yao walikuwa wamefika ng'ombe wa kumi na moja.