Msitu Usionyooshewa Kidole

Nisikilize vizuri, ndugu yangu, na hicho kidole chako cha shahada kikunje kwanza. Sababu utaijua.

Kijijini kwetu, ukipita Ushongo na kuendelea kusini kuelekea Mkwaja, kuna msitu mmoja mkongwe. Si mkubwa. Mtu asiye na haraka anauzunguka asubuhi na kurudi nyumbani chai haijapoa sana. Ndani yake kuna miti ya mibambakofi ambayo hakuna mtu aliye hai aliyepata kuiona ikiwa midogo, kuna mbega wanaokutazama kwa dharau, na kuna hondohondo, ndege wanaopiga kelele kama ndugu wanaogombea mirathi. Katikati pana mzimu, mahali pa kufukizia ubani mvua ikichelewa. Shekhe wetu huukemea mzimu huo kila mwaka. Mvua ikichelewa sana hukohoa kidogo na kubadilisha mada.

Msitu huo una miko miwili. Kwanza, haunyooshewi kidole. Ukiunyooshea, kidole kinaoza, na dawa yake ni kukiuma papo hapo kabla hakijaanza. Pili, hauzungumzwi mbele ya mgeni mpaka mtunzaji wake auzungumze kwanza. Mtunzaji ni shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu.

Sasa nikueleze kitu cha pili unachohitaji kukijua, nacho si kigumu. Kijiji kikitaka kupanga ardhi yake, wataalamu wa wilaya huja na kukaa na wanakijiji. Wanachora pamoja ramani ya kila kilichopo, kisha wanakubaliana wapi patakuwa pa kulima, wapi malisho, wapi makazi, wapi hifadhi. Hiyo ni rasimu tu. Haina nguvu mpaka mkutano mkuu wa kijiji uipitishe, na mkutano mkuu ni watu wazima wote wa kijiji, wewe na jirani yako mnayenuniana naye pia.

Wataalamu walipokuja kwetu, shangazi alikuwa Tanga mjini kwenye harusi, anamchezesha bi harusi. Bwana mipango, kijana mpole kutoka bara, akawaambia watu wachore kijiji chao chini, kwenye uwanja wa shule, kwa vitu walivyonavyo. Watu wakafurahi. Msikiti ukawa tofali, kisima kikawa kizibo cha chupa, minazi ikawa vifuu, mikorosho ikawa majani. Walipofika kwenye msitu, mwenye mamlaka ya kuanza kuuzungumza hayupo. Basi wakauruka. Wanaume wazima walikuwa wakipita pembeni ya kile kipande cha mchanga mtupu kwa heshima, kama kuna mtu amelala pale. Bwana mipango akauliza kama hapo pana kitu. Wakamwambia jua kali leo.

Yeye afanyeje? Aliandika alichokiona. Rasimu ilipobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, mahali pa msitu palikuwa peupe, na juu yake pameandikwa: ardhi ya akiba kwa uwekezaji.

Wa kwanza kuisoma vizuri alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi huyohuyo. Binamu ni dalali wa viwanja. Kufumba na kufumbua alikuwa ameshapata mwekezaji wa kujenga nyumba za mapumziko, karibu na bahari, pasipo na shamba la mtu. Shangazi akanipigia simu Pongwe, ninakofundisha.

"Mwanao akiuza kaburi la baba yako utafanyaje?" akaniuliza, hata shikamoo yangu hakuipokea.

Nilienda. Nikamkuta amekaa jikoni anakuna nazi kwa hasira mpaka nikakihurumia kifuu. Akasema kwamba akifyeka mtu mwingine atamlaani, lakini akifyeka mwanawe, laana atampa nani? Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi. Msitu ukiondoka, unaondoka kwa mkono aliounyonyesha.

Nikamweleza taratibu kwamba ramani haina adabu. Binadamu ukimnyamazia anajua umemnyamazia kwa heshima. Ramani ukiinyamazia inaandika kwamba hakuna kitu. Alinielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi, kisha akaniuliza kama ni lazima mtu aunyooshee kidole ndipo uchorwe. Nikasema sijui, tutamwuliza bwana mipango. Akaacha kukuna nazi. Akatabasamu kwa namna ambayo, tangu utoto wangu, humaanisha kwamba kuna mtu ataumbuka.

Siku ya mkutano uwanja ulijaa. Rasimu ilitundikwa ukutani. Mwenyekiti akafungua, bwana mipango akaeleza, na binamu akasimama na viatu vyake vya mjini vyenye ncha. Alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Ajira, barabara, umeme. Mwisho akatuchokoza kwa makusudi, maana miko yetu anaijua kama anavyoijua njia ya kwao.

"Nasikia minong'ono kwamba hapo pana msitu. Haya. Nani ataunyooshea kidole mbele ya mkutano?"

Watu wakatazama vidole vyao kama vitu vya kuazima. Binamu akaniangalia mimi na kucheka, maana sisi ni watani. Akasema hata mwalimu wa Pongwe leo kidole chake kimelala.

Shangazi akainuka. Akaamkiwa, akaitikia marahaba moja kwa wote.

"Msitu upo, na mimi ndiye ninayeufungulia maneno," alimwambia bwana mipango. "Ila huyu ametangulia kuomba, tumpe nafasi yake. Mwanangu, kabla sisi hatujaonyesha msitu, hebu wewe tuonyeshe hiyo ardhi unayompa mgeni. Iko upande gani?"

Binamu akainua mkono. Kidole kikachomoza. Kikafika nusu ya safari, kikakumbuka. Kikageuka kwenda kukuna shingo. Akajaribu kidevu. Akajaribu kiwiko. Bwana mipango, kwa nia njema kabisa, akamwomba aonyeshe vizuri kidogo, maana kwa kiwiko alikuwa amegawa msikiti. Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja akakaa chini kabisa, akajifuta machozi kwa kofia.

"Utotoni alikinyoosha mara moja," shangazi alieleza watu. "Nikamwambia akiume. Akakiuma mpaka akalia. Naona bado kinauma."

Hapo ndipo bwana mipango alipoelezwa miko yote, na alisikitika kwa dhati kwamba hakuelezwa mapema. Akauliza basi atauchoraje msitu usioonyeshwa. Shangazi akamwambia aulize mashamba. Kila mwenye shamba linalougusa aje aseme lake linaishia wapi, kwa sababu shamba lako mwenyewe unaruhusiwa kulinyooshea hata vidole kumi.

Wakaja mmoja mmoja. Huyu mihogo yake inaishia kwenye mti uliopigwa radi. Yule mikorosho yake inakomea kwenye kichuguu. Bwana mipango akachora mistari kwa penseli, kutoka nje kuja ndani, na ule weupe ukaanza kupata umbo bila mtu yeyote kuugusa. Mviringo ukakaribia kufungika. Ikabaki nafasi moja upande wa kusini, nayo ni mikorosho ya marehemu mume wa shangazi. Mrithi wake unamjua.

Mwenyekiti akamwita. Binamu alikwenda ukutani polepole, akaonyesha shamba la baba yake, mti wa kwanza hadi wa mwisho. Bwana mipango akamwuliza shamba linapakana na nini.

Alimtazama mama yake. Mama yake hakucheka safari hii.

"Msitu," alisema.

Penseli ikafunga mviringo. Maneno ya uwekezaji yakafutwa, pakaandikwa msitu wa hifadhi wa kijiji, na mkutano ukapitisha kwa mikono. Kwenye sheria ndogo waliweka marufuku ya kufyeka na kujenga. Shangazi alitaka waweke na marufuku ya viatu vyenye ncha, mwenyekiti akamwomba asimwaibishe zaidi mtoto. Jioni hiyo binamu alikula wali wa nazi kwa mama yake, na mimi nilimchokoza mpaka akanitupia ganda la chungwa. Siku hizi amemtafutia mwekezaji wake kiwanja kwingine, penye mwenyewe anayeweza kunyooshewa.

Nawe ukisikia kijiji chenu kinapanga ardhi, usisubiri mkutano mkuu. Nenda ofisi ya kijiji, omba kuiona rasimu ya ramani, tafuta mahali palipoachwa peupe, na uwaambie waandike kilichopo.