Mstari Nilioukata

Mdogo wangu alikamatwa na msokoto mmoja wa bangi akiwa mwaka wa pili chuoni. Walinzi waliukuta ndani ya kiatu chake, chini ya kitanda, siku ya ukaguzi wa mabweni, wakamkabidhi polisi yeye na kiatu chake. Alipotoka kwa dhamana alikuja nyumbani Maguu. Mimi nafundisha shule ya msingi huku chini ziwani, upande wa Tingi. Nilipopigiwa simu nilipanda gari la kwanza bila hata kuaga darasa langu.

Nilimkuta jikoni na mama, hata chai hajaigusa. Hakunificha kitu. Mwaka wa kwanza alivuta mara mbili, akaacha. Msokoto ule ulikuwa wa mwenzake wa chumbani, aliyeuchomeka kwenye kiatu kilichokuwa karibu aliposikia wakaguzi wanapanda ngazi. Nilimwamini siku ile na ninamwamini mpaka leo. Hilo ndilo linaloniuma.

Baba yetu ni katekista. Tangu utoto nimemwona akipatanisha watu kwa njia moja tu: aliyekosa anakwenda kwa aliyemkosea, amebeba kuku na unga, anapiga magoti na kusema nimekosa. Basi, jambo limekwisha, na hakuna wa kulifukua tena hata akiwa amelewa. Sharti ni moja, kwamba anayeomba radhi hamtaji mwenzake. Ukisema "nimekosa, lakini na fulani naye," umekuja kushitaki. Watakula kuku wako na kesi itabaki palepale.

"Muungwana akivuliwa nguo huchutama," baba alisema. "Aandike barua kwa mlezi wa wanafunzi. Wale nao ni wazazi. Mtoto akikunyea kiganja, hukikati."

Mdogo wangu akaandika rasimu. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikatoa kalamu nyekundu kama vile nasahihisha insha. Kwenye mstari wa nne alikuwa ameandika kwamba aliwahi kuvuta zamani, lakini bangi iliyokutwa haikuwa yake, iliwekwa na mwenzake. Nikaukata mstari wote. Juu yake nikaandika kwamba bangi ile ilikuwa yake na anajutia.

"Dada, huu ni uongo," alisema.

"Hii ni radhi," nilimjibu. "Radhi haina lakini."

Kwetu dada mkubwa habishiwi mara mbili. Akanakili kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi. Nilijiona nina akili kweli.

Barua tuliipeleka chuoni wenyewe, baba akiwa na kuku wake, na yule mlezi wa wanafunzi alitupokea vizuri. Kuku alimkataa kwa upole, akasema pale ni ofisini, lakini barua aliipokea kwa mikono miwili. Baba aliiona ile mikono miwili na moyo wake ukatulia. Njiani kurudi, gari liliposimama Kitai, alitununulia mahindi ya kuchoma na kuanza kupanga safari ya kijana kurudi masomoni.

Barua iliingia kwenye faili, na kutoka kwenye faili ikaenda polisi. Simlaumu mlezi, alifanya kazi yake. Tulipoambiwa kwamba itasomwa mahakamani ndipo tulipokwenda kutafuta wakili wa msaada wa kisheria, Mbinga mjini. Alikuwa binti mdogo kuliko mimi, ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo. Alisoma barua, akaisoma tena.

"Mwalimu, kwa nini hamkuja kabla ya hii?"

Alitueleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa ambayo alipaswa kuinywa jana. Chuo na mahakama ni milango miwili. Chuoni angesikilizwa na kamati ya nidhamu, angeleta mashahidi, na wakimfukuza angekata rufaa. Huenda angepewa onyo tu. Kule polisi, mdogo wangu alikuwa na haki ya kunyamaza mpaka awe na wakili au ndugu pembeni yake. Na chumba kile walilala wanne, kwa hiyo ni upande wa mashitaka uliotakiwa kuthibitisha kwamba alijua kilichomo kiatuni. "Kesi ilikuwa nyepesi," alisema. "Mmeipa uzito kwa mkono wenu wenyewe."

Ilibaki njia moja. Nilete ile rasimu yenye wino wangu mwekundu, nisimame kizimbani niseme ni mimi niliyemwandikisha. Nikakubali. Kisha nikamuuliza wakili kama mwajiri wangu atapata habari. Baada ya muda nikamuuliza tena, kwa maneno mengine. Mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale, anasikia.

Siku ya utetezi nilisubiri nje, kwenye benchi la baraza, kama shahidi anavyotakiwa. Dirisha lilikuwa wazi. Hakimu aliuliza kama mshitakiwa ana shahidi.

"Sina shahidi, mheshimiwa."

Wakili aliomba dakika chache, akatoka mbio. "Amekataa nikuite. Anasema hutaki. Ni kweli?"

Mkoba ulikuwa mapajani, rasimu ndani yake. Nilifikiria darasa langu, mwalimu mkuu, na baba akisikia mbele ya mahakama nzima kwamba radhi yake ilikuwa ya uongo. Nikasema, "Labda yeye anajua linalomfaa." Nilisema hivyo, kwa kinywa changu hiki. Alinitazama kidogo, akarudi ndani.

Mdogo wangu alifungwa mwaka mmoja, na chuo kikamfuta. Siku ya hukumu walimpitisha mbele yangu katikati ya askari wawili. Alisimama, akainamisha kichwa kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo, dada."

Nikaitikia, "Marahaba."